Nina rejesta ya maabara ya miaka mitano, sina shahada ya uzamili: naingiaje kwenye utafiti wa tiba?

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 28, mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Shahada nilimaliza miaka 4 iliyopita, nimeajiriwa serikalini na nimeshathibitishwa kazini. Moyo wangu uko kwenye utafiti, ila mlango siuoni.

Kuna jambo linanikosesha usingizi. Hapa kwetu mgonjwa wa homa hupimwa mRDT kwanza, yaani kipimo cha haraka cha malaria. Mara kadhaa mRDT imetoka hasi, daktari hakuridhika, akaagiza BS, yaani damu iliyopakwa kwenye kioo cha hadubini, nami nikasoma kioo nikakuta vimelea vya malaria. Nikaamua kupekua rejesta ya 2020 hadi 2024, nikapata visa 61 vya namna hiyo. Kurasa zote nimezipiga picha kwa simu ili niandike makala. Tuliyesoma naye anasema kuna jarida litaichapisha ndani ya siku 7 nikilipa dola 150. Mkuu wangu wa idara naye anataka jina lake litangulie, kwa kuwa rejesta ni ya idara yake.

Wakati huohuo mradi mmoja wa utafiti umenipa nafasi ya kazi ya maabara kwa mkataba wa miezi 9, mshahara karibu mara mbili ya ninaoupata. Wanataka jibu ndani ya siku 10. Baba anasema niache yote nikasome uzamili kwanza, maana bila huo hakuna atakayeniita mtafiti. Nianzie wapi?

Binti wa Maabara, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la siku 10, mengine yanaweza kusubiri.

Usiandike barua ya kuacha kazi. Katika miradi mingi mkataba wa miezi 9 maana yake ni kipindi cha kuandikisha washiriki. Idadi ikitimia na sampuli zikishawekwa kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maabara hupunguza watu. Waulize kwa maandishi: fedha za mradi zinaishia mwezi gani? Baada ya uandikishaji kuna awamu ya ufuatiliaji, na maabara itabaki na watu wangapi? Utapewa mafunzo yapi, kwa majina yake? Na je, mfanyakazi anaruhusiwa kutumia sehemu ya takwimu za mradi kwa tasnifu yake ya uzamili? Hili la mwisho usiliache, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama mradi utakukuza au utakutumia tu.

Kabla hawajajibu, nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri uulize kama mwajiri anaweza kukupa likizo bila malipo au kukuazima kwa mradi. Ukipata barua yenye tarehe ya kurudi, nenda. Ukiikosa, baki. Mshahara mara mbili kwa miezi 9 ni sawa na mshahara wako wa miezi 18, na mwezi wa 19 huna pa kurudi. Kumbuka pia michango yako ya uzeeni iko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Mwajiri binafsi atakuandikisha NSSF, na bima ya afya aliyokupa hufa siku mkataba unapokwisha.

Sikushauri ubaki kwa woga. Hapo ulipo una wagonjwa wa homa kila asubuhi, una hadubini, na una jicho lililoona kitu ambacho wengine walikipita. Watafiti hutumia fedha nyingi na miezi mingi kutafuta eneo lenye vitu hivyo vitatu.

Sasa zile picha. Zifute leo, pamoja na nakala zilizojihifadhi zenyewe mtandaoni. Kurasa hizo zina majina, umri, vijiji na majibu ya vipimo vya watu waliokuja kutafuta tiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda, na hata isingekuwapo, siri ya mgonjwa ni deni lako. Vijana wengi huteleza hapa kwa kudhani takwimu zilizokwisha kukusanywa hazihitaji kibali. Zinahitaji. Rejesta iliandikwa kwa ajili ya matibabu, kuitumia kwa utafiti ni matumizi mengine. Kamati ya maadili inaweza kukusamehe kutafuta ridhaa ya kila mgonjwa kwa kumbukumbu za zamani zisizo na majina, lakini mwenye mamlaka ya kusamehe ni kamati, si wewe. Kibali hakirudi nyuma. Jarida la maana litakuuliza namba na tarehe ya kibali, na wakiona umeanza kukusanya kabla ya tarehe hiyo, makala inaishia mezani kwa mhariri.

Jambo la pili huenda likakuuma zaidi: visa 61 haviwezi kukupa kiwango. Walioagiziwa BS baada ya mRDT hasi ni wale tu ambao daktari aliwatilia shaka, labda kwa homa kali, labda kwa watoto wenye upungufu wa damu. Wenye mRDT hasi waliopewa dawa ya kikohozi wakaenda nyumbani hawamo kwenye hesabu yako. Ukigawanya 61 kwa waliopimwa vyote viwili, kiwango kitaonekana kikubwa kuliko hali halisi, na mhakiki wa kwanza atakiona kosa hilo. Rejesta inafaa kwa kazi moja, nayo ni kuonyesha kwamba swali lipo.

Swali lenyewe lipo kweli, ila lina majibu mengi, na kazi ya mtafiti ni kuyaondoa moja baada ya jingine. Soma boksi la kipimo: kinasaka protini ya kimelea iitwayo HRP2 peke yake, au na nyingine iitwayo pLDH pia? Kinachosaka HRP2 tu hakimwoni mgonjwa mwenye Plasmodium malariae au Plasmodium ovale, aina nyingine za vimelea vya malaria, kwa sababu protini hiyo hutengenezwa na Plasmodium falciparum. Angalia joto la stoo. Boksi huandika kikomo chake, mara nyingi nyuzi 30 au 40, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari hupita kikomo hicho mchana wa Septemba. Angalia saa. Aina nyingi husomwa dakika 15 au 20 baada ya kuweka matone, na foleni ikiwa ndefu watu husoma dakika ya 5 wakaandika hasi. Wingi wa vimelea nao una neno: WHO ilipokuwa inapima ubora wa mRDT ilitumia vimelea 200 kwa mikrolita kama kipimo cha chini, ilhali msomaji hodari wa kioo huona hata 50. Na kuna uwezekano ambao lazima uukubali bila kununa, kwamba kioo ndicho kilichokosewa. Giemsa, rangi ya kupaka kioo, iliyokaa muda mrefu bila kuchujwa huacha vichembe vinavyofanana na vimelea.

Hayo yote yakishaondoka ndipo unabaki na lile kubwa. Vimelea vya falciparum vinaweza kupoteza jeni ya pfhrp2, inayotengeneza HRP2, na vikawa havionekani kwa mRDT ya HRP2. Jambo hili liliripotiwa mara ya kwanza Peru mwaka 2010, na Eritrea ilibadilisha mRDT zake mwaka 2016 kwa sababu hiyo. WHO imeweka kikomo: wagonjwa wa falciparum wanaokosewa na kipimo kwa sababu ya jeni hiyo wakizidi asilimia 5, nchi ibadilishe kipimo. Kwa hiyo swali lako, likiandikwa vizuri, lina mtu anayelisubiri wizarani.

Hadubini pekee hailijibu. Unahitaji matone ya damu kwenye karatasi ya kuchujia, kila tone kama mikrolita 50, yakauke vizuri mbali na jua na inzi, kisha kila karatasi iwekwe kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu pamoja na pakiti ya silika. Rangi ya silika ikibadilika, unyevu umeingia: ibadilishe, la sivyo DNA itaharibika na miezi yako imekwenda bure. Karatasi hizo hupelekwa kwenye maabara yenye PCR, kipimo kinachosoma DNA. Kama maabara hiyo iko nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa kusafirisha sampuli ulioidhinishwa kabla hata ya tone la kwanza. Vioo visomwe na watu wawili wasiojua jibu la mRDT wala jibu la mwenzake, wakitofautiana asome wa tatu. Kioo hakiitwi hasi chini ya fildi 100, yaani sehemu 100 za kioo zinazoonekana moja moja kwenye hadubini.

Idadi ya washiriki ndipo andiko la mwanafunzi, yaani mpango wake wa utafiti, huanguka mara nyingi. Utaona kila mahali namba 385. Inatokana na kuchukua uwiano wa asilimia 50, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95: unazidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.5, kisha kwa 0.5, unagawanya kwa 0.05 mara 0.05, unapata 384.16. Watu huinakili bila kujiuliza. Kwako haifai hata kidogo. Kama unakisia asilimia 5 na kosa lako ni asilimia 5 kila upande, jibu lako litakuwa kati ya 0 na 10, na huwezi kumwambia yeyote kama kikomo cha WHO kimevukwa. Weka 0.05 mahali pa uwiano na 0.02 mahali pa kosa: 3.8416 mara 0.05 mara 0.95, gawa kwa 0.0004, unapata 457. Ongeza kwa ajili ya karatasi zitakazoharibika, asilimia 10, yaani gawa 457 kwa 0.9, inakuwa 508.

Hao 508 ni wenye vimelea, si wenye homa. Kama kwenu mgonjwa 1 kati ya 4 wa homa ndiye mwenye malaria, utaandikisha kama 2,032. Kwa wagonjwa 20 kwa siku ni siku 102 za kazi, karibu miezi mitano. Vioo 20 vya ziada kwa siku, vingi vikiwa hasi na vya kusomwa fildi zote 100, ni zaidi ya saa tatu za macho kila siku. Huwezi peke yako huku unafanya kazi ya hospitali. Hesabu hii ndogo ndiyo itakayokuonyesha kwamba unahitaji timu, na ndiyo itakayomshawishi mtu mwenye timu kwamba unajua unachokisema.

Timu hiyo uitafute kwenye taasisi. Hospitali nyingi za wilaya hazina kamati ya maadili wala mtu mwenye uzoefu wa kusimamia andiko. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Tabora na kingine Mwanza. Taasisi ya Afya Ifakara, chuo cha Muhimbili na KCMC Moshi wana watu wa malaria wa miaka mingi. Andiko likiwa tayari hupita kwenye kamati ya taasisi, na kibali cha kitaifa hutolewa na NIMR. Vitu vinavyochelewesha ni vilevile kila mara: fomu ya ridhaa ya Kiswahili isiyolingana na ya Kiingereza, bajeti isiyoendana na idadi ya washiriki, wasifu wa mtafiti mwenza uliosahaulika, na andiko lisilosema mtoto wa chini ya miaka 18 ataridhiwa na nani au asiyejua kusoma atashuhudiwa na nani anapoweka dole gumba. Baada ya kibali utahitaji barua za Mganga Mkuu wa Mkoa, wa Wilaya na mganga mfawidhi. Kibali hudumu mwaka mmoja, ripoti ya maendeleo hutakiwa kila miezi 6, na ruhusa ya kuchapisha matokeo huombwa NIMR. Panga andiko, vibali na barua kwa miezi 6 hadi 9 kabla ya kumchoma sindano mshiriki wa kwanza, usikate tamaa mwezi wa tatu.

Jarida la siku 7, hapana. Uhakiki wa kweli hufanywa na wataalamu wawili au watatu walio na kazi zao, huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Anayeahidi siku 7 hakuhakiki, amekuuzia nafasi. Ubaya wake hauishii kwenye dola 150: makala hiyo huwezi kuipeleka tena kwingine, na jina lako litabaki limeshikamana nayo wakati kamati ya ufadhili inakusaka mtandaoni. Jarida lipimwe kwa kuangalia kama limo PubMed au DOAJ, orodha za mtandaoni za machapisho ya kisayansi, na kama wahariri wake ni watu halisi wenye taasisi halisi. Ada nayo isikutishe. Majarida mengi ya kuaminika husamehe au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, mradi uombe siku unapowasilisha, si baada ya kukubaliwa.

Kuhusu mkuu wako, usigombane naye. Kuwa mwenye rejesta hakumfanyi mtu mwandishi. Kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambazo majarida mengi huzifuata, zinataka mwandishi atimize yote manne: awe amechangia kwa uzito kwenye wazo, takwimu au uchambuzi, ameandika au ameihariri makala kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mpe nafasi ya kuyatimiza. Mwambie, "Mkuu, ninaomba usimamie usomaji wa vioo na upitie rasimu." Akifanya hivyo jina lake litakaa kwa haki, lakini la kwanza ni la aliyebeba kazi. Andikeni makubaliano hayo kwenye barua pepe kabla ya kuanza, si siku ya kuwasilisha wakati kila mtu ana hasira.

Baba yako ana sehemu ya ukweli. Kuongoza utafiti na kuomba fedha kwa jina lako kunahitaji uzamili, na baadaye uzamivu. Lakini kwenda sasa hivi, bila swali, ndiko kunakozaa tasnifu za dodoso la "ujuzi, mtazamo na mwenendo" zinazokusanya vumbi. Nenda ukiwa na andiko lako mkononi, na uchague msimamizi kabla ya chuo: soma makala zake za miaka mitatu iliyopita, uone kama wanafunzi wake hutajwa wa kwanza. Epidemiolojia na takwimu za afya zitakufaa kuliko shahada ya jumla, kwa kuwa maabara tayari unaijua. Usikae sana, lakini. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wa kusoma hapahapa Afrika hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Yako ina 4.

Miezi ya kusubiri isipotee. Mafunzo ya GCP, taratibu bora za kuendesha majaribio ya tiba, yapo bure mtandaoni kwa The Global Health Network, unapata cheti, na hakuna mradi wa majaribio ya dawa utakaokugusa bila hicho cheti. Pakua R, ni programu ya bure ya takwimu, uifanyie mazoezi kwa saa moja jioni. Anza na kosa ninaloliona kila mwaka: umri usiojulikana uliandikwa 99, halafu wastani wa umri wa watoto ukapanda bila mtu kushtuka. Jifunze kuandika kamusi ya takwimu inayoeleza kila safu ya jedwali ni nini na pengo linaandikwaje. Kazini kwako jizoeze kusahihisha kwa mtindo wa utafiti: mstari mmoja juu ya kosa, linabaki linasomeka, pembeni tarehe na saini fupi. Ukikutwa na wino mweupe wa kufutia kwenye kumbukumbu za utafiti, mkaguzi hatakuuliza ulifuta nini, atatilia shaka kitabu kizima.

Halafu andika barua pepe. Chagua mtafiti mmoja ambaye amechapisha kuhusu mRDT au pfhrp2, soma makala yake hadi mwisho, uandike maneno yasiyozidi 200. Kitu kama hiki:

"Ndugu Daktari, mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Kazini nimekutana na wagonjwa wenye mRDT hasi na BS chanya. Najua waliochaguliwa kupimwa BS si wawakilishi, na bado sijaondoa sababu za joto la stoo, muda wa kusoma na aina nyingine za vimelea. Ningependa kuandaa andiko la kukusanya sampuli za karatasi kwa wagonjwa wote wa homa kwa miezi mitano. Nimekadiria wenye vimelea 508. Hospitali yetu haina kamati ya maadili wala PCR. Je, ningeweza kuzungumza nawe kwa dakika 20 kuhusu kama swali hili linafaa kwa kituo chenu?"

Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na andiko la ukurasa mmoja, basi. Usiweke picha za vyeti, wala ukurasa hata mmoja wa rejesta. Asipojibu baada ya siku 14, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha mwandikie wa pili.